Kalulu alipita Tabora akiwa mtoto. Kwao waliobaki ni nani?

Septemba 1871, Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini Tabora. Mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu aitwaye Mohammed anamletea mgeni zawadi. Zawadi yenyewe ni mtoto wa kiume.

Mgeni huyo ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa njiani kumtafuta Dk. Livingstone. Mtoto anaitwa Ndugu M'Hali. Stanley mwenyewe alilitafsiri jina hilo kuwa ni mali ya ndugu yangu. Halikumpendeza, akawaita wakubwa wa msafara wamtafutie mtoto jina jingine.

Mmoja akasema aitwe Simba. Mwingine Ng'ombe. Mwingine akatupia Mirambo, watu wakacheka sana, maana mwezi uliotangulia Mirambo huyohuyo alikuwa ameivamia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Mwishowe Ulimengo, mmoja wa watu wa msafara, akamtazama mtoto alivyo mwepesi na macho yanayong'aa, akasema huyu ni Kalulu, mtoto wa paa. Likapita.

Mwaka uliofuata Kalulu alikuwa London akipigwa picha studio pamoja na Stanley. Akafika hadi Marekani. Akasoma shule Wandsworth, London. Sanamu yake ya nta iliwekwa Madame Tussauds. Aprili 1874 alikuwepo Westminster Abbey wakati Livingstone anazikwa. Mwishoni mwa Machi 1877 mtumbwi wake ulibebwa na maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, akafa. Alikuwa bado kijana mdogo. Stanley akayapa maporomoko yale jina lake.

Hayo yote yameandikwa. Mtu mwenye simu na bando anaweza kuyasoma jioni moja. Lisilosomeka popote ni hili: mama yake alikuwa nani? Alichukuliwa kijiji gani? Nani alibaki kule akimngoja?

Swali hili halimhusu Kalulu peke yake. Ukikaa Kitete, Isevya au Ng'ambo ukawauliza watu asili yao, utakutana na Wanyamwezi, Wamanyema, Wasukuma, Waha, watu wenye damu ya Kiarabu, na wengi ambao babu wa babu yao "alikuja na msafara", basi, habari inaishia hapo. Alikuja kutoka wapi? Kwa hiari yake au kwa kamba shingoni? Na kule alikotoka, ukoo wake unaendelea kuishi bila kujua kwamba una wajukuu Tabora.

Je, wanaweza kupatikana? Baadhi yao ndiyo. Lakini njia yake si ile ambayo wengi huanza nayo.

Wenzetu wenye karatasi

Kwanza tuangalie wanaofanya kazi hii kwa urahisi zaidi, ili tuone tunachokikosa.

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia. Mtu aliiba kitambaa au kondoo, anahukumiwa miaka saba ng'ambo, anapakiwa melini. Wengi hawakurudi tena. Waliacha wake, watoto, wazazi. Leo wajukuu wao wa Australia wanawatafuta ndugu wa Uingereza, na wengi wanawapata.

Wanawapataje? Kwa sababu karani wa serikali aliandika. Orodha za melini zilitaja jina, umri, kazi, mahali alipozaliwa, ana mke au hana, watoto wangapi, anajua kusoma au la. Waliandika mpaka rangi ya macho, makovu na chale. Mke aliyebaki hana chakula alikwenda kuomba msaada wa parokia, naye akaandikwa. Mke aliyetaka kumfuata mumewe aliandika barua serikalini kuomba nafasi melini, na barua zile zimehifadhiwa. Yaani mfungwa alidhalilishwa, lakini alidhalilishwa kwa maandishi, na jina lake halikuguswa.

Mtu aliyepita njia yetu ya misafara hakuandikwa hivyo. Pale Tabora, wakati huo ikijulikana pia kama Kazeh, aliyenunuliwa hakuulizwa baba yake nani. Tena kila alipouzwa, jina lilibadilika.

Jina halitakufikisha

Hapa ndipo watafutaji wengi wanapokwama. Mtu ana jina la babu, analishika kama ufunguo, anazunguka nalo.

Angalia majina ya watu wa misafara ile: Mabruki, Feruzi, Baraka, Almasi, Ulimengo. Ni majina mazuri, lakini mengi yalitolewa na mabwana, pwani au njiani. Hayakuletwa kutoka nyumbani. Ukienda nayo kijijini ukauliza "mlikuwa na mtu anaitwa Mabruki?", utajibiwa hapana, na hawatakuwa wamekudanganya.

Mfano mzuri ulikuwepo palepale Kwihara. Kiongozi wa watu wa Stanley, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akaishi huko mpaka bwana wake alipofariki, ndipo akapata uhuru na kurudi Unguja. Jina la Bombay ni la mji aliopelekwa. Jina alilopewa na mama yake halikuwahi kushika. Na siku ile Kalulu anatafutiwa jina, ndiye aliyependekeza mtoto aitwe Bombay Mdogo!

Kwa hiyo Ndugu M'Hali nalo lisikudanganye. Lilikuwa jina la sokoni, maneno ya Kiswahili kwa mtoto ambaye kwao pengine hawakuzungumza Kiswahili. Stanley alimhesabu kuwa mtoto wa Lunda. Sasa Lunda ni wapi? Walunda wapo Kongo, wapo Angola, wapo Zambia. Hata ukisema ni Lunda ya Kazembe, kule mto Luapula ambako wafanyabiashara wa Tabora walikuwa wakienda kutafuta pembe za ndovu na watu, bado una nchi nzima mbele yako. Ufalme wa Kazembe upo mpaka leo. Ukienda pale Mwansabombwe, swali la kwanza utakaloulizwa ni hilohilo: alikuwa anaitwa nani?

Halafu jihadhari na kitabu kimoja. Mwaka 1873 Stanley alitoa hadithi aliyoiita My Kalulu, na ndani yake Kalulu ni mtoto wa kifalme. Ni riwaya. Kuna watu wamechukua ukoo kutoka humo wakaueneza kama historia.

Mfuate aliyemchukua

Njia inayofanya kazi imepinda kidogo. Mchukuliwaji hakuandikwa, lakini mchukuaji alijiandika. Alikuwa na daftari la mahesabu, shajara, barua kwa ofisi yake, orodha ya mishahara. Kwa hiyo mtafute yeye kwanza.

Kwa Kalulu, maana yake ni kwamba ushahidi mwingi hauko Tabora. Karatasi za Stanley ziko Tervuren, nchini Ubelgiji, kwenye Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Nyumba ya Kwihara ambako Stanley na Livingstone walikaa ipo, na inafaa kutembelewa, lakini daftari haliko humo.

Kwa babu yako wewe inategemea alipita mikononi mwa nani. Kuna njia kama nne hivi, na kila moja iliacha karatasi za aina yake.

Waliokombolewa na wamisionari ndio wenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa maoni yangu. White Fathers walifika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1870, na miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, ambako watoto waliokombolewa walilelewa. Mapadre wale waliandika shajara karibu kila siku, na shajara za vituo zimetunzwa Roma. Halafu kuna vitabu vya ubatizo. Kitabu cha ubatizo huwa na jina la Kikristo, na mara nyingine jina la zamani au kabila. Anzia parokiani, ongea na paroko kwa adabu, sema unatafuta ukoo wako. Usiende na kamera mkononi.

Waliofika pwani wakapandishwa majahazi, baadhi yao walinaswa na manowari za Waingereza. Zaidi ya 2,000 walishushwa Shelisheli, wengi wao miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870. Wengine walipelekwa Freretown, Mombasa, iliyoanzishwa 1875, au kwa wamisionari wa Unguja na Bagamoyo. Kwa hiyo kuna watu Mahé leo ambao asili yao ni huku bara, na hawajui ni kijiji gani.

Waliobaki Unguja wanatafutwa kwa njia nyingine. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mabwana walilipwa fidia, na mtu anayelipwa fidia lazima aseme anamwachia nani. Nyaraka za serikali ya wakati ule ziko Kilimani, Unguja. Kwa upande wa bara, mafaili ya Wajerumani na Waingereza yapo Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wakitoa hati za uhuru, na familia nyingine huenda bado wanayo karatasi ile sandukuni wakidhani ni risiti ya kodi. Utumwa wenyewe Tanganyika ulifutwa kabisa 1922 tu. Fikiria hilo: bibi aliyefariki miaka ya 1980 angeweza kuwa amezaliwa kabla ya hapo.

Njia ya nne ni ya watu huru. Tusisahau kwamba Wanyamwezi wengi waliotoka hawakuwa watumwa. Walikuwa wapagazi, wanabeba kwa ujira, wanakwenda pwani na kurudi. Lakini si wote waliorudi. Wengine walioa pwani. Wengine walikwenda magharibi moja kwa moja: Msiri, aliyetawala Katanga mpaka alipouawa Desemba 1891, alitoka kwa Wasumbwa wa huku kwetu, na Wayeke wa Bunkeya wanajua hivyo hadi leo. Wengine walifia njiani.

Kwa wapagazi, tafuta orodha za misafara. Stanley alichapisha majina ya watu wa safari yake ya 1874 hadi 1877, waliokufa na waliorudi. Waliobaki hai walipofika Unguja mwishoni mwa 1877, ndugu wa marehemu walikuja kudai mishahara na ilibidi wathibitishe undugu wao. Waliokuwa Unguja waliweza kufika. Lakini mama aliye bara, mwendo wa miezi kwa miguu, angejuaje hata kama kuna cha kudai?

Na Kalulu je, alisahau kwao? Mwaka 1876 msafara ulikuwa umeshavuka Ziwa Tanganyika. Kijana aliyesoma London, anayejua Kiingereza, akatoroka. Akasakwa, akarudishwa. Miezi michache baadaye alikufa. Alitoroka kwenda wapi, kila mtu atajibu anavyoona. Mimi najiuliza tu kwa nini pale, baada ya kuvuka ziwa.

Aliyekumbuka anwani

Kuna mtu mwingine ambaye historia yake ni kinyume cha hii, na inaonyesha tofauti ya kukumbuka jina la mahali.

Adrien Atiman alizaliwa mbali kabisa, karibu na mto Niger upande wa Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na White Fathers huko Algeria na kukombolewa. Wakamsomesha tiba Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu, na alitibu watu pale mpaka alipofariki 1956. Alioa huku, akapata mtoto, na mtoto akawa padre. Hospitali moja Sumbawanga ina jina lake.

Atiman aliliweka jina la kijiji chake kichwani na akasimulia habari zake zikaandikwa. Kwa hiyo ndugu zake wa Mali, kama wangemtafuta, au wajukuu wa huku kama wangetaka kwenda, wana pa kuanzia. Neno moja tu, jina la kijiji, lilibaki na Atiman. Kwa Kalulu halikubaki.

Unachoweza kufanya ukiwa hapohapo Kitete

Kabla ya Roma na Tervuren, kuna bibi. Na bibi hatasubiri.

Usimuulize "sisi kabila gani?". Atakujibu alichozoea kuwajibu watu. Wengi waliofika Tabora wakiwa watumwa, au watoto wao, walijificha ndani ya kabila lenye heshima, na mimi siwalaumu. Kuitwa mtoto wa mtumwa kuliharibu posa, kuliharibu urithi, na mahali pengine bado kunauma. Kwa hiyo usilete mada hii msibani mbele za watu, wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu mia. Kaa naye faragha, mwamkie vizuri, mpe muda.

Uliza mambo ya pembeni. Mwiko wa nyumba yetu ni nini, mnyama gani hatuli? Watani wetu ni nani? Mtoto wa kwanza anarithi jina la nani? Zamani mlikuwa mkizika vipi, kichwa kinaelekea wapi? Nani alikuwa anakuja kututembelea kutoka mbali halafu akaacha? Mwiko na utani havibadiliki haraka kama jina. Bwana anaweza kukuita Feruzi, lakini hakufuati jikoni kujua kwa nini huli samaki fulani.

Na nyimbo. Kama kuna wimbo wa kubembelezea mtoto ambao maneno yake hakuna anayeyaelewa hapo nyumbani, urekodi sasa hivi kwa simu. Msidhani natia chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye jimbo la Georgia nchini Marekani, mtafiti Lorenzo Turner alirekodi wimbo kwa mama mmoja, Amelia Dawley. Mama hakujua maana yake, alirithi tu. Msomi mmoja wa Sierra Leone akaja kutambua kuwa ni Kimende. Miaka sitini baada ya kurekodiwa, watafiti wakapata kijiji Sierra Leone, Senehun Ngola, ambako mwanamke mmoja aliujua wimbo huohuo. Ulikuwa wa mazishi. Mwaka 1997 binti wa Amelia akasafiri mpaka pale. Karatasi haikuwepo, lakini wimbo ulivuka bahari ukabaki mzima kwa zaidi ya karne.

Ukirekodi, taja mwanzoni tarehe, mahali na jina la anayesimulia, na umwombe ruhusa sauti yake ikiwa bado inaingia. Kisha hifadhi nakala mbili sehemu tofauti, maana simu huibiwa.

Vipimo vya vinasaba ambavyo watu wanavitangaza mtandaoni vinasaidia, ila si kama wanavyovipigia debe. Ile asilimia ya kwamba wewe ni wa eneo fulani la Afrika ni makisio mapana. Kinachofaa ni pale mfumo unapokuonyesha mtu mwingine aliyepima ambaye mna damu moja. Lakini ili umwone, lazima naye awe amepima, na kwa Luapula, Manyema au Unyamwezi waliopima bado ni wachache sana. Kwa mtu wa Shelisheli mwenye asili ya huku, mkwamo ni huo: yeye kapima, shangazi yake wa Tabora hajapima.

Kama ndugu yako alipotea zama hizi, kwa vita au ukimbizi, kama familia nyingi za Ulyankulu zilizotoka Burundi 1972, njia ni fupi zaidi. Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kutafuta ndugu waliotenganishwa, na ni bure. Nenda na majina kamili ya wazazi, jina la kilima au kijiji mlichotoka, na mwaka mlioachana. Usipoyakumbuka yote, peleka uliyonayo.